Meko ya Bwana, Watoto wa Mpishi

Kila inapozungumzwa habari ya watumwa wa majimbo ya Kusini mwa Marekani, husikika hoja iliyozoeleka: kwamba mwanamke aliyewekwa jikoni alikuwa na nafuu kuliko mwenzake wa shambani. Hoja hiyo ina sura ya haki. Wa shambani alichuma pamba au kukata tumbaku juani, msimamizi akimfuata na kiboko. Wa jikoni alikuwa chini ya paa, karibu na chakula, na pengine jina lake lilijulikana hata kwa wageni. Lakini wanaosema hivyo wanayapima maisha ya mpishi kwa kazi yake peke yake, ilhali mara nyingi mpishi huyo alikuwa pia mama. Ukimtazama kwa yote mawili, hesabu inageuka. Ninachodai hapa ni kwamba jiko la bwana halikuwa kimbilio. Watoto wa mpishi walikuwa mali ya bwana. Walikuwa pia dhamana iliyomzuia mama yao asitoroke. Na muda, nguvu, hata maziwa waliyostahili kuyapata kwake yalikwenda kwa watoto wa nyumba kubwa. Ustadi wake ulimpandishia bei sokoni, lakini haukumkinga na soko hilo.

Tuanze na sheria, maana ndiyo iliyoweka msingi. Kwa desturi ya Kiingereza, mtoto alifuata hadhi ya baba. Katika miaka ya 1655 na 1656 huko Virginia, Elizabeth Key, binti wa Mwingereza na mama Mwafrika mtumwa, alidai uhuru wake mahakamani akaupata, na hadhi ya baba yake ilikuwa moja ya hoja zake. Miaka michache baadaye, mwaka 1662, baraza la koloni lilifunga mlango huo kwa kupitisha sheria kwamba mtoto atafuata hali ya mama. Tangu hapo bwana aliyemwingilia mtumwa wake hakuwa na wajibu wowote kwa mtoto aliyezaliwa. Kinyume chake, alikuwa amejiongezea mali. Wasomaji wa pwani yetu wanajua kwamba si lazima ingekuwa hivyo. Chini ya sheria ya Kiislamu iliyofuatwa Zanzibar, mtoto wa suria aliyekubaliwa na baba yake alizaliwa muungwana, na mama yake hakustahili kuuzwa tena. Hilo halikuufanya utumwa wa Zanzibar uwe wa huruma, na wala wajakazi wengi hawakuwa masuria. Linaonyesha tu kwamba watu wa Virginia walichagua. Walikuwa na njia zaidi ya moja mbele yao, wakaifuata ile iliyolifanya tumbo la mwanamke kuwa chanzo cha mtaji.

Uchaguzi huo ulizidi kuwa na faida baada ya Januari 1808, Marekani ilipopiga marufuku kuingiza watumwa kutoka ng'ambo. Mashamba ya pamba na miwa ya Georgia, Alabama, Mississippi na Louisiana yaliendelea kudai watu, na watu hao sasa walitoka Virginia, Maryland na Carolina. Wanahistoria wanakadiria kwamba katika miongo saba kabla ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 watumwa wapatao milioni moja walihamishwa kutoka majimbo ya juu kwenda Kusini ya mbali, wengi wao kwa kuuzwa. Sensa ya 1860 ilihesabu watumwa wanaokaribia milioni 4, na karibu wote walizaliwa humo humo nchini. Hawa hawakuletwa na jahazi lolote. Walizaliwa na akina mama. Thomas Jefferson, aliyeandika kwamba watu wote wameumbwa sawa, aliandika pia katika barua ya mwaka 1820 kwamba mwanamke anayezaa kila baada ya miaka miwili humletea mmiliki wake faida kubwa kuliko mwanamume bora wa shambani, kwa kuwa kazi ya mwanamume huliwa ikaisha, na anachozaa mwanamke huongeza mtaji. Mwenye mali alikuwa anaeleza hesabu zake waziwazi. Kwake mpishi alikuwa na uzalishaji wa aina mbili, na wa pili ulimzidi wa kwanza.

Na hiyo kazi ya kwanza haikuwa nyepesi. Jiko la nyumba kubwa kwa kawaida lilijengwa kando, ili moto, moshi na joto visiwafikie wenye nyumba. Mpishi aliamka kabla ya alfajiri kufukua makaa yaliyofunikwa majivu usiku, akachochea moto ambao ungewaka hadi chakula cha jioni kiondolewe mezani. Alinyanyua vyungu vya chuma vilivyotundikwa juu ya meko, akapalia makaa juu ya vifuniko ili mkate uive pande zote, na ukali wa moto aliupima kwa mkono wake. Gauni refu mbele ya meko yaliyo wazi lilikuwa hatari ya kila siku. Funguo za stoo alikuwa nazo bibi wa nyumba. Yeye ndiye aliyepima unga, sukari na nyama, na yeye ndiye aliyemsomea mpishi maelekezo ya mapishi kwa sauti, kwa kuwa majimbo kadhaa yalikataza mtumwa kufundishwa kusoma. Mpishi alisikiliza, akakariri. Mtoto wake mchanga alilazwa pembeni, akanyonya pale nafasi ilipopatikana. Bibi naye akijifungua, yawezekana mama huyo huyo akaamriwa amnyonyeshe kwanza mtoto wa bibi. Mtoto akikua kidogo alianza kazi hapo hapo: kusomba kuni, kuteka maji, kupepea nzi mezani.

Maisha ya Edith Hern Fossett yanaonyesha jambo hili wazi kuliko nadharia yoyote. Alizaliwa mwaka 1787, mtumwa wa Jefferson, na mwaka 1802, akiwa na miaka 15, alipelekwa Washington kujifunza upishi wa Kifaransa katika Ikulu chini ya mpishi Mfaransa, Honoré Julien. Alikaa huko hadi 1809, Jefferson alipomaliza urais. Akiwa huko alizaa, na si watoto wake wote walioishi. Mumewe, Joseph Fossett, alikuwa mhunzi aliyebaki Monticello, shamba la Jefferson huko Virginia. Julai 1806 Joseph alitoroka. Hakukimbilia Kaskazini kutafuta uhuru. Alikwenda Washington kumwona mkewe. Alikamatwa akitoka kwenye uwanja wa Ikulu, akatiwa jela, akarudishwa. Jefferson alishangaa, akiandika kwamba kijana huyo hajapata kupigwa na mtu yeyote. Hakuona kwamba kumtenga mtu na mkewe kwa miaka ni sababu tosha. Baada ya 1809 Edith alikuwa mpishi mkuu wa Monticello kwa miaka 17. Daniel Webster, mwanasiasa mashuhuri aliyekula hapo mwaka 1824, aliandika akisifu meza iliyochanganya Virginia na Ufaransa. Meza hiyo iliandaliwa na mwanamke huyu.

Jefferson alikufa tarehe 4 Julai 1826, akiacha madeni makubwa. Wasia wake ulimwachia huru Joseph, lakini haukumwachia huru Edith wala mtoto wao hata mmoja. Januari 1827 watu wa Monticello walinadiwa pamoja na samani na mifugo. Tangazo la mnada lilitaja watumwa 130. Joseph, akiwa bado miezi michache afikie siku ya uhuru wake, aliwategemea jamaa walio huru, nao wakamnunua Edith na watoto wawili wadogo. Waliosalia walitawanyika kwa wanunuzi mbalimbali. Peter, mwenye miaka 11, alinunuliwa na mtu aliyemtishia viboko iwapo angeshikwa na kitabu, na akabaki mtumwa kwa zaidi ya miaka 20. Mwaka 1837 Joseph aliweza kumpa mkewe uhuru kisheria pamoja na baadhi ya watoto na wajukuu, na familia ikahamia Cincinnati, Ohio. Peter hakuwa miongoni mwao, kwani aliyemnunua alikataa kumwachia. Kama kulikuwa na mpishi ambaye ustadi wake ungepaswa kumlinda, ni Edith, aliyepikia mabalozi na mawaziri kwenye Ikulu ya taifa. Haukumlinda. Siku deni lilipodai, mwanamke huyo na wanawe walihesabiwa pamoja na viti na farasi.

Ushahidi wa pili unatoka Edenton, North Carolina, katika kitabu alichokichapisha Harriet Jacobs mwaka 1861 kuhusu maisha yake mwenyewe utumwani. Anasimulia jinsi bibi wa nyumba alimokuwa mtumwa, chakula cha Jumapili kikichelewa, alivyosimama jikoni hadi chakula kipakuliwe, kisha akatema mate katika kila chungu na kila kikaango, ili mpishi na watoto wake wasipate hata kukomba mchuzi uliobaki. Anaeleza pia kwamba mpishi huyo aliwahi kufungiwa mchana na usiku mzima mbali na mtoto wake aliyekuwa bado ananyonya. Vitendo hivi viwili vina mantiki moja. Bibi alijua kwamba mpishi alikuwa na njaa ya wanawe moyoni kuliko njaa yake mwenyewe, na kwamba adhabu iliyompata mama kupitia mtoto ilichoma kuliko kiboko. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, wanasema wahenga. Katika nyumba ile uchungu huo uligeuzwa kuwa chombo cha kutawalia.

Bibi mzaa mama wa Jacobs, Molly Horniblow, anatufikisha kwenye swali la mali. Alikuwa mpishi hodari kiasi kwamba watu wa mji walitamani mikate yake, hivyo akaomba ruhusa ya kuoka usiku, baada ya kazi zote za nyumba, na kuuza. Nia yake ilikuwa moja: kuweka akiba awanunue watoto wake. Hata hivyo bwana wake alipokufa watoto waligawanywa kwa warithi, na ili mgawanyo uwe sawa, wa mwisho, Benjamin, aliuzwa kwa dola 720 akiwa na miaka 10. Molly aliendelea kuoka. Alipofikisha dola 300, bibi aliyemmiliki alizikopa, akiahidi kulipa. Bibi alikufa bila kulipa, na msimamizi wa mirathi akasema mirathi imefilisika na sheria inakataza kulipa; tena ahadi kwa mtumwa haikumfunga mtu, kwa kuwa kisheria mtumwa hakuweza kumiliki chochote. Kinara cha fedha kilichonunuliwa kwa pesa hizo kilibaki katika familia ya bibi. Usiku wa kuoka, unga ulionunuliwa kwa jasho, matumaini ya mama kumkomboa mwana: vyote viliishia kuwa pambo la meza ya mtu mwingine, tena kwa njia halali kabisa.

Atakayepinga atasema kwamba, hata hivyo, mpishi alikula vizuri na alikuwa na mamlaka fulani. Ni kweli kwamba baadhi yao walikuwa na sauti jikoni, na kukana hilo ni kuwapunguzia utu. Lakini tutazame mamlaka hayo yalikuwa ya nini. Frederick Douglass, aliyezaliwa mtumwa huko Maryland, anamkumbuka mpishi aliyeitwa Aunt Katy, ambaye bwana alimkabidhi kugawa chakula cha watoto watumwa. Katy aliwashibisha wanawe, akamwacha Frederick na njaa, na wakati mmoja kwa hasira akamkata kwa kisu hata mwanawe mwenyewe. Usiku mmoja mama yake Frederick, aliyekuwa amekodishwa shamba la mbali, alitembea maili nyingi kuja kumwona, akamkuta hajala, akamkemea Katy na kumpa mtoto keki ya tangawizi. Kabla jua halijachomoza alilazimika kuwa amerudi kazini. Hapa tunaona akina mama wawili waliogombanishwa na posho isiyotosha. Mamlaka ya Katy yalikuwa ya kuchagua ni mtoto yupi alale njaa. Aliyepanga kiasi cha unga hakuwapo jikoni kubeba lawama.

Pingamizi la pili ni la mapenzi. Kumbukumbu nyingi za watu weupe wa Kusini zinamtaja mpishi au mlezi mweusi kwa machozi, wakidai alikuwa kama mmoja wa familia. Baada ya vita kumbukumbu hizo ziligeuka bidhaa: mwaka 1893, kwenye maonyesho ya Chicago, Nancy Green, aliyezaliwa mtumwa Kentucky, alikaanga chapati za unga uliouzwa kwa jina la Aunt Jemima, jina lililodumu madukani hadi karne hii. Mwaka 1923 Seneti ya Marekani iliidhinisha kujengwa Washington sanamu ya kuwaenzi walezi weusi waaminifu, kwa ombi la chama cha mabinti wa wapiganaji wa Kusini. Wamarekani weusi walipinga kwa nguvu, na haikujengwa. Sikatai kwamba mtoto mweupe aliyelishwa na mwanamke huyu alimpenda, wala kwamba mwanamke aliweza kumpenda mtoto asiye na hatia. Lakini mapenzi hupimwa palipo na hiari. Hiari ilipopatikana mwaka 1865, utumwa ulipokomeshwa, wapishi wengi waliacha nyumba za mabwana wao, na hata waliobaki katika kazi hiyo walishikilia kulala kwao, na watoto wao. Wakati huohuo magazeti ya watu weusi, kama Christian Recorder la Philadelphia, yalijaa matangazo ya akina mama wakiwatafuta watoto waliouzwa miaka mingi nyuma, wakitaja majina, umri na jina la mnunuzi. Matangazo haya yanaeleza moyo wa mama ulikuwa wapi kuliko kumbukumbu yoyote ya mtoto wa bwana.

Wengine watauliza kama mashahidi hawa wanaaminika. Jacobs aliandika chini ya jina la kubuni, akahaririwa na mpinga utumwa Lydia Maria Child, na kwa muda mrefu wasomi walikichukulia kitabu chake kuwa hadithi ya kubuni. Katika miaka ya 1980 mtafiti Jean Fagan Yellin alifuatilia barua, wasia na kumbukumbu za mji wa Edenton, akathibitisha watu na matukio ya kitabu hicho. Tunazo pia simulizi zaidi ya 2,300 za waliokuwa watumwa, zilizokusanywa na mradi wa serikali kati ya 1936 na 1938. Hizo zinahitaji tahadhari, kwani wasimuliaji walikuwa wazee sana, na wengi walihojiwa na watu weupe walioishi nao mji mmoja, jambo linalowafanya wayapunguze mabaya kuliko kuyazidisha. Zaidi ya hayo, hoja yangu haisimami juu ya maneno ya watumwa peke yake. Sheria ya 1662, barua ya 1820 na tangazo la mnada wa 1827 viliandikwa na wenye watumwa wenyewe, na vinasema jambo lile lile.

Kuna pia wanaouliza kwa nini mpishi, aliyekuwa na visu, moto na chakula cha bwana mikononi, hakutoroka au kulipiza. Wenye nyumba walijiuliza hivyo pia: tangu 1748 Virginia ilimtishia kifo mtumwa yeyote atakayetengeneza au kumpa mtu dawa bila idhini. Hofu hiyo ilitokana na kujua walichokuwa wakitenda. Kuhusu kutoroka, matangazo ya magazeti yanaonyesha kwamba takriban wanne kati ya watano waliotafutwa walikuwa wanaume. Hercules, mpishi maarufu wa George Washington, aliondoka peke yake Februari 1797, akiacha watoto Mount Vernon, shamba la bwana wake. Mama mwenye mtoto wa kunyonya hawezi kuvuka misitu usiku bila mtoto kulia, na akimwacha anamwacha mikononi mwa mtu aliyeghadhibika. Kubaki kwake si ridhaa. Mwenye watumwa alijua kwamba ameshikilia kitu ambacho mama huyo hangeondoka akakiacha.

Inabaki habari ya chakula chenyewe, kwa maana leo Kusini mwa Marekani inajivunia mapishi yake duniani kote. Bamia, kunde na ufuta vilivuka bahari kutoka Afrika, na waliojua kuvipika walikuwa wanawake hawa. Mary Randolph alipochapisha kitabu chake cha mapishi ya Virginia mwaka 1824, aliingiza bamia na vyakula vingine vya jiko la Kiafrika, lakini jina kwenye jalada lilikuwa la bibi mwenye nyumba. Ilibidi kusubiri hadi 1881 ndipo Abby Fisher, aliyezaliwa utumwani South Carolina, atoe kitabu chake huko San Francisco. Hakujua kusoma wala kuandika. Aliyatamka mapishi yake, wengine wakayaandika. Miongoni mwa mapishi aliweka uji wa kuwalishia watoto wachanga, na hapo akajitambulisha pia kama mama wa watoto 11. Mpishi na mama walikuwa mtu mmoja kwenye kitabu hicho, kama walivyokuwa maishani, na safari hii aliandikwa kwa jina lake.

Kwa hiyo swali la kama mpishi alikuwa na nafuu kuliko mwanamke wa shambani limekosewa tangu mwanzo, kwa sababu linalinganisha kazi na kuiacha kando familia. Kipimo cha haki ni kimoja: je, mama huyo angeweza kusema hapana siku dalali alipokuja kumchukua mwanawe? Wa shambani hakuweza. Wa jikoni hakuweza. Edith Fossett, aliyelisha Ikulu, hakuweza. Mwanawe Peter alipata uhuru wake baada ya kunadiwa tena mwaka 1850, ndugu na marafiki walipochanga fedha kumkomboa; akawa mwandalizi mashuhuri wa karamu na mchungaji wa Kibaptisti Cincinnati, na mama yake aliishi hadi 1854, kwa hiyo aliwahi kumwona akiwa huru. Hilo lilitokana na juhudi za familia yao, wala bwana hastahili shukrani hata kidogo. Yeyote anayesifu meza za Kusini, au anayeandika historia ya nyumba zile nzuri zinazotembelewa na watalii, ana wajibu wa kulitaja jina la aliyepika na kueleza watoto wake walipelekwa wapi. Bila hayo mawili, historia hiyo haijakamilika.